PGCon: Miaka ya Ottawa

Julai 2006, watu wanaounda hifadhidata ya PostgreSQL walikusanyika Toronto, Kanada, kuadhimisha miaka 10 ya mradi wao. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka nenda miaka rudi bila kuonana ana kwa ana. PostgreSQL ni programu huria, haina kampuni inayoimiliki. Asili yake ni mradi wa POSTGRES, ulioanzishwa na Michael Stonebraker mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Chuo kilipoacha kuuendeleza, watu wa kujitolea waliupokea, na mwaka 1996 ukapata jina tunalolijua leo. Mradi wa namna hiyo hauna mkurugenzi wa kuwaita watu kikaoni. Asipojitokeza mtu wa kutafuta ukumbi, hakuna kikao.

Aliyejitokeza ni Dan Langille. Tangu 2004 alikuwa akiandaa BSDCan, mkutano wa watu wa mifumo endeshi ya BSD, katika Chuo Kikuu cha Ottawa. Mei 2007, chuoni hapohapo, akaanzisha PGCon, mkutano wa watu wa PostgreSQL. Kuuweka mwezi wa Mei ulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi ya kuandaa mikutano: wanafunzi wengi wameshaondoka, madarasa yana nafasi, na mabweni hupangishwa kwa bei anayoimudu hata mgeni anayejilipia mwenyewe. Mtu alilala chuoni, akatembea hadi darasani, na jioni akaendeleza ubishi wa mchana mezani na wenzake.

Nasisitiza mambo haya madogo kwa sababu ndiyo yaliyoujenga mkutano. Miezi kadhaa kabla ya Mei, kamati ilisoma mapendekezo ya mada na kuyachuja. Kulikuwa na wafadhili wa kubembelezwa, barua za mwaliko kwa wanaohitaji viza, na vipaza sauti vya kujaribiwa kabla watu hawajaingia. Msemaji naye alikuwa na mtihani wake: alieleza kazi yake mbele ya watu walioandika msimbo wenyewe, na swali la kwanza lingeweza kutoka kwa mtu aliyekijua kifungu hicho cha msimbo kuliko yeye. Kulikuwa pia na mada za dakika 5. Hapo mgeni ambaye hajawahi kushika kipaza sauti alipata zamu sawa na mkongwe wa mradi, na muda ukiisha, umeisha.

Mkutano wa 2008 ndio ninaouona kuwa na uzito kuliko yote. Kwa miaka mingi msimamo wa viongozi wa mradi ulikuwa kwamba kazi ya kunakili data kutoka seva moja hadi nyingine iachiwe programu za nje, kwa kuwa hakuna njia moja inayowafaa wote. Watumiaji walilalamika. Walitaka seva ya akiba ambayo ni rahisi kuisimika, ili ile kuu ikianguka kazi isisimame. Mwaka huo wahandisi kutoka kampuni ya NTT ya Japani, akiwemo Masao Fujii, walikuja Ottawa kueleza walivyoitatua shida hiyo kwa kuipelekea seva ya pili kumbukumbu za mabadiliko. Kamati kuu ya mradi ilikutana pembeni ya mkutano, na kabla ya Mei kwisha Tom Lane, mmoja wa wanakamati, akatoa tamko kwa niaba yake: unakili rahisi wa data utaingizwa ndani ya PostgreSQL yenyewe.

Kutoka tamko hadi programu haikuwa safari fupi. Walitumaini kuliwahi toleo la 8.4, wakachelewa. Hatimaye toleo la 9.0, Septemba 2010, likaja na kazi ya Fujii, pamoja na ya Simon Riggs wa Uingereza iliyoiwezesha seva ya akiba kujibu maswali ya watumiaji badala ya kukaa tu ikisubiri. Riggs alifariki katika ajali ya ndege Machi 2024. Kila anayeendesha seva pacha za PostgreSQL leo ana deni la shukrani kwake.

Sisi Afrika Mashariki tumo katika deni hilo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na ambao Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia pia, huhifadhi data zake ndani ya PostgreSQL.

Mwaka 2013 Ottawa iliongeza siku isiyo na ratiba ya awali: waliohudhuria walipendekeza hoja asubuhi, wakapiga kura, wakagawana vyumba. Korona iliupeleka mkutano mtandaoni kuanzia 2020 hadi 2022. Mwaka 2023 watu walirudi Ottawa, na hiyo ikawa PGCon ya mwisho. Langille akakabidhi kazi kwa kundi jipya la waandaaji.

Kundi hilo liliupa mkutano jina la PGConf.dev na kuuhamishia Vancouver, ambako ulifanyika Mei 2024 katika jengo la Chuo Kikuu cha Simon Fraser lililo katikati ya jiji. Siku ya mijadala isiyo na ratiba ya awali waliihifadhi. Mei 2025 wakakutana Montreal.