Mkesha wa Watakatifu Wote na Malezi ya Mtoto



Jioni ya tarehe 31 Oktoba watu wengi wa Marekani na Uingereza huwavika watoto wao mavazi ya kutisha, huchonga maboga wakayafanya nyuso zenye macho na meno, na kutia mshumaa ndani yake. Kisha watoto huenda mlango kwa mlango kuomba peremende. Desturi hiyo huitwa Halloween. Siku hizi hata mtoto wa Kahe aweza kuiona katika simu ya mzazi wake, akauliza, "Mbona sisi hatufanyi?" Swali la mtoto lastahili jibu, wala si kemeo. Basi twataka kueleza asili ya mkesha huo, na kutazama kama limo ndani yake neno limfaalo mtoto wa nchi hii.

Jina lenyewe ni maneno ya Kiingereza cha kale yaliyofupishwa, na maana yake ni mkesha wa watakatifu. Kwa kuwa tarehe 1 Novemba ndiyo Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwaka 835 Mfalme Ludoviko, kwa shauri la Papa Gregori IV, aliamuru sikukuu hiyo ishikwe katika nchi zake zote za Ulaya. Hata ilipokaribia kutimia miaka 1000, Odilo, abate wa Cluny katika Ufaransa, akaiweka tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Huko Uingereza maskini na watoto walikuwa wakipita nyumbani kwa watu, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea wafu wa nyumba ile. Kumbe mtoto aliyebisha mlangoni alikuwa na kazi: alipokea mkate, akatoa sala.

Waairish nao walikuwa na sikukuu yao ya kale, Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua majira ya baridi. Walichonga mizizi minene ya mboga, ya namna ya figili, wakatia moto ndani. Njaa kuu ya viazi ilipoingia nchini mwao mwaka 1845, watu wengi sana walihamia Marekani, na huko wakaona boga ni jepesi zaidi kuchongwa. Polepole mchezo ukakua, peremende zikaongezeka, na sala ikasahauliwa.

Katika mlima wetu wa Kilimanjaro siku hizo zilifika kwa njia nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Kilema mwaka 1890, wakafundisha sikukuu ya watakatifu na siku ya marehemu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, nao wakaleta ukumbusho wa tarehe ile ile ya 31 Oktoba, kwa maana siku hiyo, mwaka 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95. Tena kanisa la ngome ya Wittenberg, lihusikalo na habari hiyo, lilikuwa limewekwa wakfu kwa jina la Watakatifu Wote. Hivyo makanisa haya mawili, yaliyoshindana siku nyingi kwa ajili ya shule na waumini, yana jioni moja ya kukumbuka waliotangulia.

Lakini Wachaga hawakungoja mgeni ili wajue kuwakumbuka wafu wao. Zamani mzee alizikwa nyumbani mwake. Baada ya muda mifupa ikafukuliwa, na fuvu likawekwa kihambani, katika migomba, penye mmea wa isale. Hapo watoto wake walimwaga pombe au maziwa na kumtaja jina. Aliyekufa bila kuacha mtoto hakupewa heshima hiyo. Tulifikiri neno hili vema: mtoto ndiye aliyemfanya marehemu apate mahali pa kukumbukwa. Desturi ya mafuvu imekwisha, lakini kaburi la kihambani lipo hata leo, na mwezi wa Desemba jamaa walio mbali hurudi nyumbani na kulisafisha.

Nasi watu wa Kahe, tulio katika uwanda chini ya mlima, tunao wafu wengine wa kutazama. Mwezi wa Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts, lililokwisha kuitwaa Moshi, liliwashambulia Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck hapa penye reli ya Tanga. Tarehe 21 Waingereza waliishika Kahe, na usiku Wajerumani wakaondoka, wakiharibu mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg. Majina ya majemadari yamo vitabuni. Je, wapagazi waliobeba unga na risasi? Katika vita vile, kwa upande wa Waingereza peke yake, hukadiriwa kwamba walikufa wapagazi karibu 95,000, wengi kwa maradhi na uchovu. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

Basi tumjibuje mtoto? Akitaka kuchonga boga, na achonge. Nyama yake ipikwe, isitupwe. Lakini tusimtishe kwa mizimu, maana mtoto mdogo hajui kutenga mchezo na kweli, na hofu ya usiku hukaa moyoni mwake siku nyingi. Kisha tuketi naye kabla hajalala, tumtajie babu na bibi, na waliowazaa, kadiri tuwajuavyo: alitoka wapi, alilima nini, alipenda nini. Mkatoliki na amwombee. Mlutheri na ashukuru kwa ajili yake. Jirani Mwislamu anayo dua yake. Mwisho tuwataje wale wapagazi waliopita hapa, ambao hatuna majina yao, tumweleze mtoto kwa nini hatunayo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimfundisha kuuliza majina ya waliotangulia, siku moja naye atakuwa na wa kumtaja.