Vita ya Siku 6, Bili ya Miaka 8

Wasee wa Eastlands, kuna mahali baharini hujawahi kuona lakini panakupangia bei ya jinzi pale Gikomba. Panaitwa Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, upana wake kama kilomita 30 tu. Kontena ya mitumba ikitoka Ulaya kuja Mombasa, njia fupi ni mfereji wa Suez, kisha Bahari ya Shamu, halafu hapo.

Niliacha chuo, lakini historia sikuiacha. Kwa hivyo sikizeni hii.

Mei 1967, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alifungia meli za Israel mlango-bahari wa Tiran. Juni 5 vita ikaanza, siku 6 ikaisha. Lakini Suez ilifungwa, na haikufunguliwa mpaka Juni 5, 1975. Miaka 8! Meli 14 zilikwama kwenye ziwa lililo katikati ya mfereji. Ni mbili tu, za Ujerumani, zilizorudi nyumbani kwa injini zao.

Kenya haikuwa imemaliza hata miaka 4 ya uhuru, na haikupeleka askari kwa hiyo vita. Bado tulilipa, maana mizigo kati ya Ulaya na Mombasa ilizunguka Afrika Kusini.

Novemba 2023 mambo yakajirudia. Wahouthi wa Yemen waliteka meli ya Galaxy Leader, wakaendelea kurushia zingine makombora. Kampuni kubwa kama Maersk zikazunguka tena Afrika Kusini. Safari ndefu ni mafuta zaidi, mishahara zaidi, na ukipita kule kwa hatari, bima inapanda. Mwenye meli hamezi hiyo gharama. Anampa mwenye kontena, naye anampa mama wa mitumba, naye anakupa wewe. Mkulima wa avokado wa Murang'a naye anaomba matunda yasiive njiani.

Na si pesa peke yake. Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa, mabaharia wakaihama, ikaelea ikiburuta nanga. Marekani ilisema nanga hiyo ndiyo iliyokata nyaya za intaneti chini ya bahari. Moja ni ya Seacom, inayotua Mombasa. Huku maharamia wa Somalia, waliokuwa wamenyamaza miaka kadhaa, wakateka meli ya Ruen Desemba 2023.

Maoni yangu ni haya: bili ya njia iliyofungwa hudumu kuliko vita yenyewe. Kwa hivyo ukisikia wamesimamisha vita, usitarajie bei ishuke kesho. Na mafuta yetu mengi hutoka Ghuba, ambako lango ni Hormuz. Mbunge wako akija mtaani kuomba kura, muulize: hilo lango likifungwa leo, nchi ina akiba ya siku ngapi? Akijibu kwa nyimbo na tisheti, ushapata jibu.