Saa Inaanza Kuhesabiwa Lini? Kutoka Meli ya Barua Mpaka Waya wa Fumba

Mitihani inakaribia na vitabu vinanitazama vibaya, lakini leo nimeona niandike historia kidogo, maana ndilo somo nitakalosomesha skuli inshallah.

Siku hizi maofisi na vyuo vina programu za kufuatilia matatizo, kama ile Jira ya Waaustralia. Bomba limepasuka au intaneti imekatika, unaandika, unapewa namba. Nyuma ya ile namba kuna mtu kashapanga muda: tatizo kubwa lijibiwe ndani ya masaa manne, litengenezwe ndani ya siku mbili, na kadhalika. Wengi tunadhani mambo haya yamekuja na kompyuta. Kumbe hapa kwetu Unguja yana historia, tena yenye mafunzo.

Tuanze na majahazi. Yalikuja na kaskazi, yakaondoka na kusi. Nahodha hakuahidi tarehe, aliahidi msimu, kwa sababu upepo haukuwa wake. Mwaka 1872 kampuni ya British India ya Mskoti William Mackinnon ikaanza kuleta barua kutoka Aden, meli moja kila mwezi, kwa mkataba wa serikali. Tarehe ikawezekana kuandikwa kwenye karatasi kwa kuwa stima ilikuwa na injini yake yenyewe. Funzo la kwanza hilo: ahadi ya muda inashika pale tu unapokimiliki kile kinachoweza kukuchelewesha.

Mwaka 1879 ukafika waya wa telegrafu kutoka Aden, uliopita chini ya bahari. Hapo pakatokea jambo jipya. Mfanyabiashara wa Mji Mkongwe aliweza kuuliza bei ng'ambo na kupata jibu bila kungoja meli, ila mzigo wenyewe bado ulikuja kwa meli vilevile. Zikawa saa mbili tofauti, saa ya kujibiwa na saa ya kumalizika kwa jambo lenyewe. Programu za leo zinatenganisha hivyo hivyo, na anayezichanganya anajitafutia lawama bure.

Halafu mwaka 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasri. Waingereza wakampa muda: mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza kupiga, na kwa hesabu inayotajwa sana vita vikaisha kwa dakika 38. Watu wapatao 500 upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Tazameni jinsi muda ule ulivyokamilika, jamani: nini kifanyike, mwisho lini, na usipofanya nini kinafuata. Mkubwa akimdai mdogo, saa inahesabiwa kwa dakika.

Sasa geuzeni, mdogo amdai mkubwa.

Umeme wa Unguja ulikuwa ukitoka Bara kwa waya mmoja wa chini ya bahari, unaoibukia Fumba, uliowekwa mwaka 1980. Mei 2008 ukapata hitilafu, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 tena, na safari hii mpaka Machi 2010, miezi mitatu! Pampu za maji zikasimama, maana nazo zinakula umeme. Mwenye uwezo akanunua jenereta, asiye nayo akabeba ndoo. Mchumi Alfredo Burlando aliutafiti ule mwezi wa 2008 akakuta kwamba waliofanya kazi zinazotegemea umeme walipoteza masaa ya kazi, na watoto waliokuwa matumboni walizaliwa wakiwa na uzito mdogo zaidi. Kwa hiyo kuchelewa si usumbufu tu, kunaingia mpaka kwenye mizani ya kliniki.

Je, Shirika la Umeme lingeweza kuahidi kutengeneza kwa siku mbili? Hapana, wallahi. Waya wa baharini unataka mafundi na vifaa kutoka mbali, na hivyo ni upepo wa kaskazi mwengine. Lakini saa ya kujibu ilikuwa mikononi mwa watu wa hapa hapa: maji ya gari yafike mitaani ndani ya muda gani, hospitali ipate jenereta lini, taarifa itoke kila siku saa ngapi. Muda wa aina hiyo unapangwa kabla giza halijaingia. Baadaye majenereta ya dharura yakawekwa Mtoni, na mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ukazinduliwa kwa fedha za Wamarekani.

Kwa hiyo wewe utakayekuwa mwalimu mkuu au ofisa kesho, ukipewa kazi ya kupanga muda kwenye programu, jiulize: saa inaanza mtu anaporipoti au fundi anapofungua kompyuta yake? Ijumaa na usiku vinahesabiwa? Muda ukipita nani anaarifiwa? Na tafadhali usiandike "saa 4" peke yake, maana mmoja atasoma masaa manne na mwengine atakuja saa nne asubuhi, hehe.

Nyinyi mliokuwepo 2008 na 2010, mlielezwa nini kuhusu siku ya kurudi umeme? Niandikieni. Narudi kwenye vitabu, tuombeane dua.