Mdoli peke yake hautoshi
Unajua mdoli wanaofanyia mazoezi wakunga wa Geita na Shinyanga umetoka wapi? Kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto! Laerdal wa Norwei walitoa Anne, mdoli wa kufundishia kumpumulisha mtu, mwaka 1960.

Sasa sikia hii. Mwaka 2010, Hospitali ya Haydom, Manyara, wakunga walifundishwa siku moja kuwasaidia vichanga wasiopumua. Kwenye mdoli waliweza. Kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. (Semina za siku moja tunazipenda, na posho zake!) Mwaka 2011 wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale wodini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vichanga 1,000.

Utaratibu huo ndio mradi wa Safer Births uliupeleka Geita, Shinyanga na mikoa mingine mitatu, vituo 30 vya kutolea huduma za afya.