Makao ya Waliohamishwa na Maafa katika Mji wa Gisenyi



Mtu akisimama ufukoni mwa Ziwa Kivu katika mji wa Gisenyi, akaelekeza uso wake kaskazini, huuona mlima wa Nyiragongo, ambao tumboni mwake mna moto. Akigeuka mashariki, huiona milima ambayo kutoka kwayo hushuka mto Sebeya. Baina ya moto huo na maji hayo wamejenga watu wa Gisenyi, mji ambao tangu mwaka wa 2006 ni makao makuu ya Wilaya ya Rubavu. Katika kurasa hizi twataka kueleza habari za watu walionyang'anywa nyumba zao na moto au maji: walilala wapi usiku wa kwanza, na walilala wapi baada ya mwaka. Maswali haya mawili hayafanani, na kutofautiana kwao ndiyo maana ya makala haya.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Vijiji vilivyokuwa chini ya mlima viliteketea. Miaka ishirini na mitano baadaye, mambo mengi ya vita yakiwa yamekwisha kupita, mlima ukapasuka tena: siku hiyo ilikuwa 17 Januari 2002. Mito ya lava ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa ya biashara, kisha ikatumbukia ziwani. Watu zaidi ya 300,000 walihama, na wengi wao walivuka mpaka wakaingia Gisenyi kwa miguu, watoto migongoni na magodoro vichwani. Watu kiasi cha 120,000 walipoteza makao yao.

Gisenyi iliwapokea. Wenye jamaa walilala kwa jamaa. Wasio na jamaa walilala barabarani na penye uwanja wowote uliopatikana, na ardhi ilikuwa ikitetemeka chini yao. Nyumba kadha wa kadha za Gisenyi yenyewe zilianguka kwa mitetemeko hiyo, hata ikawa mwenyeji naye alala nje pamoja na mgeni wake. Serikali na mashirika ya misaada yalitayarisha kambi, lakini watu wengi hawakuzitaka. Siku chache tu baadaye walirudi Goma, wakikanyaga lava ambayo haijapoa.

Wako waliowashangaa watu hao. Lakini akili yao ilikuwa timamu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu aliyehama alilijua hilo, naye alitaka jembe. Bali jembe halina faida pasipo na shamba, wala nyundo pasipo na kiwanja. Kiwanja chake kilikuwa Goma, chini ya lava, na alama za mipaka zilikuwa zimefunikwa. Asiporudi upesi kukilinda, angekikuta na mwenyewe mwingine. Basi wengi walijenga juu ya lava ile ile nyumba za mbao zilizoezekwa kwa mabati. Nyumba hizo zilikuwa za bei ndogo, na ziliweza kubomolewa na kuhamishwa. Ila mwamba mpya hauchimbiki kwa urahisi kwa ajili ya choo, na mbao zilizosongamana huogopa moto wa jikoni kuliko moto wa mlima.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima uliwaka kwa mara nyingine. Safari hii lava ilisimama katika viunga vya Goma, lakini mitetemeko ya siku zilizofuata iliipasua ardhi hata katikati ya Gisenyi. Mamia ya nyumba ziliharibika upande wa Rwanda, na hospitali ya mji ililazimika kuwahamisha wagonjwa wake. Hivyo mji uliozoea kupokea ulijifunza kwamba nao waweza kupokewa.

Hiyo ndiyo habari ya moto. Habari ya maji ilianza mbali zaidi, katika msitu wa Gishwati, juu ya bonde la Sebeya. Zamani msitu huo ulikuwa wa maelfu ya hekta, nao uliyanywa maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikatwa ili pafanywe malisho ya ng'ombe. Baada ya mwaka 1994 watu waliorejea kutoka uhamishoni, wasio na mahali pa kulaza ubavu, walipata makao humo, wakakata miti wapate mashamba na kuni. Mwanzoni mwa karne hii msitu uliobaki ulikuwa hekta 600 hivi. Hatuwalaumu watu wale. Walitaka kile ambacho kila mwanadamu hukitaka. Lakini udongo uliovuliwa miti haukuweza tena kuyazuia maji, nayo yakashuka kwa majirani zao wa bondeni. Baadaye miti ilipandwa tena, na msitu uliobaki ukaunganishwa na ule wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Ila mti hauoti kwa siku moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika Mkoa wa Magharibi. Sebeya ulifurika, ukaingia katika nyumba za watu waliolala pande za Kanama, Nyundo na Rugerero; na kwingineko mkoani milima iliporomoka. Waliofariki katika nchi nzima walizidi 130, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Nyingi zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa. Ukuta wa namna hiyo ukisimama juu ya msingi wa mawe huishi miaka mingi. Lakini maji yakiukuta chini hauna msingi, hulainika kuanzia miguuni na kuanguka.

Walionusurika walikaa kwanza kambini, kisha wengi wakapewa fedha za kupangia vyumba kwa miezi michache. Msaada huo ulikuwa mwema, lakini kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi, na fedha ya msaada ina mwisho. Mwezi wa Julai mwaka ule ule kilifunguliwa katika Rugerero kijiji cha nyumba za ghorofa kwa kaya 120, ambazo hutumia ardhi kidogo na kuwaweka watu mahali palipochaguliwa. Ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo, atakayeweka 120 karibu na 5,000 ataona urefu wa njia iliyobaki.

Je, nyumba ya bei nafuu ni ipi? Wengi hutazama bei ya bati na tofali tu. Historia ya Gisenyi yatufundisha kutazama mambo matatu zaidi. La kwanza ni ardhi: kiwanja kilicho ukingoni mwa mto huuzwa rahisi kwa sababu mto bado haujadai chake. La pili ni haki: mtu asiye na hati ya kiwanja hurudi penye hatari ili akilinde. La tatu ni kazi: aliyehamishwa mbali na soko au shamba lake hupata paa na kukosa chakula. Nyumba ikikosa moja katika haya, itajengwa mara mbili, na ya pili italipiwa kwa machozi. Rahisi ni ghali.

Nasi tulio majirani tuna sehemu yetu. Kumpa mtu mkeka usiku wa maafa ni jambo ambalo watu wa Gisenyi wamelifanya mara nyingi, wala hawakuhitaji kufundishwa. Lililo gumu ni kumkumbuka mwezi wa nne, kodi inapokwisha na wageni wa mashirika wamekwenda zao. Atakayesaidia kumlipia mwenziwe msingi wa mawe juu ya kilima kilicho imara, huyo amemkaribisha nyumbani kweli kweli. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa miongoni mwao.