Matuta ya Matombo, Mbuzi wa Mgeta

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki, ukapita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni, unafika Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Julai 1955 umati ulikusanyika huku kuwaambia wakubwa wa serikali ya kikoloni kwamba matuta waliyolazimishwa kuchimba hawayataki. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza miaka mitano tu kabla ya hapo, ukavunjika. TANU, chama kilichokuwa na mwaka mmoja tangu kuzaliwa, kikapata wanachama wengi milimani bila kuhangaika kuwatafuta.

Wataalamu wa mpango ule hawakuwa wajinga. Waliona udongo unavyoporomoka kila masika, na walijua kwamba mito ya milima hii ndiyo inayoulisha Ruvu. Dawa kuu waliyoiandika ilikuwa moja kwa mlima mzima: matuta ya ngazi, yachimbwe na kila mlipa kodi, asiyechimba apelekwe barazani. Kwenye miteremko ya Matombo kuchimba ngazi kulimaanisha kufukia udongo mweusi wa juu na kupanda mahindi kwenye udongo mwekundu usio na rutuba. Mkulima alitoa jasho zaidi akavuna kidogo. Tena ardhi ya Waluguru, wenyeji wa milima hii, hupita kwa ukoo wa mama. Mwanamume aliyelazimishwa kuchonga ngazi mara nyingi alikuwa akilichonga shamba la ukoo wa mkewe. Roland Young na Henry Fosbrooke waliyachambua haya katika kitabu chao cha mwaka 1960. Mabwana shamba wangeweza kuyajua miaka kumi mapema kwa kuwauliza akina mama.

Kwa Mgeta inabidi kurudi mjini na kuanza upya: Mzumbe, kisha kushoto kuelekea Mlali, halafu gari linaanza kupanda kona baada ya kona hadi Langali na Nyandira. Huku nako matuta yalichimbwa wakati uleule. Tofauti ni kwamba yapo mpaka leo. Yanashuka bondeni kama ngazi, kila moja na mfereji wake, yamejaa kabichi, karoti na viazi. Mgeta ilikuwa na maji ya kumwagilia na mboga za kupeleka sokoni, kwa hiyo jasho la kuchimba lililipa. Mlima huohuo, amri ileile, majibu mawili. Kwangu mimi hili ndilo somo la kwanza ambalo mtu yeyote anayegawa fedha za utafiti wa kilimo angepaswa kutembezwa alione kwa macho kabla ya kutia saini.

Chuo kilikuja baadaye. Chuo cha kilimo cha Morogoro kilifunguliwa mwaka 1965 kwa msaada wa Wamarekani, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikajitegemea. Kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo kwa ajali ya gari Dakawa, si mbali na hapo. Kwa wenyeji ni SUA, basi.

Fedha za ushirikiano nazo zina tarehe zake. Mwaka 1975 bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha sheria kilichovipa vyuo vikuu vya huko vyenye asili ya kilimo nafasi ya kufanya utafiti na vyuo vya nchi nyingine kwa fedha za serikali. Mwaka 1980 ukaanza mpango wa maharage na kunde uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na watafiti wa Morogoro wakaunganishwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Humo ndimo zilimotoka mbegu za SUA 90, na baadaye Rojo, maharage mekundu, iliyotolewa rasmi mwaka 1997.

Mtafiti hupima magonjwa ya majani na magunia kwa ekari. Mama anayepika hupima vingine: yanaiva kwa kuni kiasi gani, mchuzi wake mzito au maji matupu, majani yake yanaliwa kama mboga, na dukani rangi yake inanunuliwa? Mbegu inaweza kushinda mitihani yote ya maabara ikafeli jikoni. Ndiyo maana kazi ya mashamba ya majaribio vijijini ikawa kiini cha utafiti wenyewe. Aliyekataa matuta mwaka 1955 alihitaji mawe. Anayekataa mbegu leo haipandi tu, na ripoti inabaki ikijieleza peke yake.

Kisha mbuzi. Mwaka 1988 SUA, ikishirikiana na Wanorwe wa chuo cha kilimo cha Ås, ilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa Norway. Kwa Mluguru mbuzi alikuwa nyama, mahari na tambiko. Maziwa yake hayakuwa chakula cha watu wengi. Leo banda la mbuzi wa maziwa ni kitu cha kawaida huko: limeinuliwa juu ya miti, sakafu ya fito zenye mianya, samadi inadondoka chini na kuzolewa kwa karai hadi kwenye kabichi. Mbuzi hafunguliwi, analetewa majani. Na majani hayo, mabingobingo na Guatemala, yamepandwa wapi? Kwenye kingo za matuta, mizizi imeushika udongo. Kile ambacho serikali ya kikoloni ilishindwa kukipata kwa polisi, kimefanywa na mtu anayetaka mbuzi wake ashibe.

Mwaka 1993, hapohapo SUA, wakulima wachache kutoka mikoa kadhaa walikaa pamoja na kuanzisha MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima. Chuo kilikuwa mkunga wa mtandao huo, kisha kikajiweka pembeni. Miaka ya baadaye mtandao huo, kwa fedha za Ufaransa, ulijenga masoko ya vijijini, likiwamo la Nyandira. Nikiulizwa ni zao gani la fedha za wafadhili Morogoro limeishi vizuri kuliko yote, nitataja mtandao huu kabla ya maharage.

Miradi iliyofuata ilijifunza lugha ya kumshirikisha mkulima. PANTIL, iliyogharimiwa na Norway kuanzia 2005, na EPINAV iliyoirithi, ziliwataka watafiti wawahusishe wakulima tangu andiko la mradi. Ni hatua. Lakini soma maandiko mengi ya aina hiyo, si ya programu hizo tu, utaona mkulima anaingia kama kikundi chenye muhuri na sahihi, huku bajeti ikibaki chuoni: gari, mafuta, posho, semina ya uzinduzi. Yeye anatoa shamba, mikono na msimu. Jaribio likifeli, mtafiti ana matokeo ya kuandika. Mkulima ana ghala tupu. Sijaona bajeti nyingi zenye fungu la kumfidia. Angalau Umatengo, kusini mwa Tanzania, ambako Wajapani wa Kyoto na SUA walifanya kazi miaka ya 1990, watafiti walianza kwa kujifunza ngoro, vishimo vya kilimo vya Wamatengo wenyewe, kabla ya kupendekeza lolote.

Mapema 2025 Marekani ilisitisha maabara nyingi za utafiti zilizorithi mipango kama ule wa 1980, na Julai mosi shirika lililozigharimia, USAID, likafungwa. Mfumo wa miaka 45 ulizimwa kwa barua. Mbegu hazizimwi hivyo. Iliyoshika mizizi itaendelea kupandwa kwa akiba ya ghalani. Kinachopungua ni mbegu inayofuata, ile ya kukabili mdudu au ugonjwa ambao bado haujafika.

Mbuzi nao wana hesabu yao. Beberu mzuri akikaa kitongoji kimoja muda mrefu atapanda binti zake, na maziwa yatashuka kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo wafugaji wa Mgeta walizoea kubadilishana mabeberu kati ya kitongoji na kitongoji. Kazi hiyo inataka daftari la kumbukumbu, mtu wa kulitunza na nauli ya kupanda na kushuka mlima, kila mwaka, bila tarehe ya mwisho. Ruzuku nyingi hudumu miaka mitatu au mitano.