Siku sita za Mei 1978: Kolwezi ilivyovamiwa, na wafu ambao hawakuhesabiwa

Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, alfajiri, wakaaji wa Kolwezi waliamshwa na milio ya risasi. Kabla ya siku kuisha, sehemu kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa FNLC, Chama cha Ukombozi wa Taifa la Kongo, walioongozwa na Nathanaël Mbumba. Watu waliwaita Tigres, yaani chui wa Katanga. Wazee wa mji bado wanaiita vita hiyo vita ya siku sita, ili kuitofautisha na ile ya mwaka uliotangulia, iliyojulikana kama vita ya siku themanini.

Ulaya, habari ya Kolwezi inasimuliwa kama habari ya wazungu waliouawa na wazungu waliookolewa. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ilitokea Manika, kwenye nyumba za wafanyakazi, na katika vijiji vya barabara ya kwenda Mutshatsha.

Ili kuelewa Mei 1978, lazima kurudi hadi Julai 1960. Siku chache baada ya uhuru, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Alipata msaada wa Wabelgiji na fedha za Union Minière, kampuni iliyochimba shaba, na akaunda jeshi lake la jandarme. Kolwezi ilikuwa ngome yake ya mwisho. Tshombe alitishia kulipua mitambo na mabwawa ya umeme, lakini mwisho alikubali kushindwa, na askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini tarehe 21 Januari 1963.

Jandarme wengi hawakuweka silaha chini. Walivuka mpaka wakaingia Angola. Mwaka 1964 Tshombe alipokuwa waziri mkuu wa Kongo aliwarudisha wapigane na waasi wa Simba. Baada ya Mobutu kushika madaraka, waliasi Kisangani mwaka 1966 na tena 1967, wakakimbia upya. Kule Angola waliwatumikia Wareno, na Wareno walipoondoka mwaka 1975 wakawa upande wa MPLA, iliyoshinda Luanda. Ndivyo watu waliosaidiwa kwanza na makampuni ya Magharibi walivyojikuta upande wa marafiki wa Cuba na Moscow.

Nyumbani, mambo yalikuwa yanaharibika. Bei ya shaba ilianguka baada ya mwaka 1974, na Zaire ikazama katika madeni. Vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kupeleka madini kwenye bandari ya Lobito. Askari wa Mobutu walilipwa vibaya au hawakulipwa, na wakaaji ndio waliolipa kwa kuku, mbuzi na faranga zao. Waliojua hali hiyo hawakushangaa kwamba vijana kadhaa wa Kolwezi walijiunga na wavamizi siku ile ile walipoingia.

Jaribio la kwanza lilikuja Machi 1977. FNLC iliingia kutoka Angola, ikashika Mutshatsha, ikakaribia Kolwezi. Ufaransa ilitoa ndege, Moroko ikatoa askari wapatao 1,500, na kufikia mwisho wa Mei wavamizi walikuwa wamerudi walikotoka. Kisha ikaja zamu ya kulipiza kisasi. Walunda, ambao mpaka wa kikoloni umewagawa kati ya Kongo, Angola na Zambia, walishukiwa kwa jumla. Hata Nguza Karl-i-Bond, waziri wa mambo ya nje na Mlunda, alihukumiwa kifo kwa uhaini, kabla ya hukumu hiyo kubadilishwa na yeye kuachiliwa mwaka uliofuata. Maelfu ya watu walikimbilia Angola, na huko FNLC ikapata wapiganaji wapya.

Mwaka 1978 hawakupita tena njia ile ile. Walizunguka kupitia kaskazini ya Zambia, wakatokea Kolwezi moja kwa moja. Mji ulikuwa na wageni zaidi ya elfu mbili, wengi wao Wabelgiji na Wafaransa, mainjinia na mafundi wa Gécamines pamoja na familia zao. Bila wao mashine zingesimama, na bila shaba ya Kolwezi hazina ya Mobutu ingekauka. Kuwapiga hao kulikuwa kumpiga Mobutu mfukoni.

Mwanzoni wapiganaji walikuwa na nidhamu kiasi. Walikagua vitambulisho nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta hasa Wafaransa na Wamoroko kwa sababu ya 1977. Siku zilivyopita, nidhamu ilivunjika. Pombe ilinywewa, maduka yaliporwa, mahakama za barabarani zikaanza kuhukumu watu kwa dakika chache. Zairwa waliotuhumiwa kuwa watu wa Mobutu waliuawa hadharani. Tarehe 16 Mei, kikosi kidogo cha askari wa miavuli wa Zaire kiliangushwa juu ya mji na kikasambaratishwa. Baada ya hapo hasira iliongezeka. Wengine waliofika kwa barabara, wakiongozwa na meja Mahele, waliweza kuukamata uwanja wa ndege, lakini hawakuwa na nguvu ya kuingia mjini. Katika mtaa wa P2, wazungu zaidi ya thelathini, wake kwa waume na watoto, waliuawa kwa risasi ndani ya chumba kimoja.

Ijumaa tarehe 19 Mei, mchana, askari wapatao 400 wa kikosi cha pili cha miavuli cha Légion étrangère, chini ya kanali Philippe Erulin, waliruka kaskazini ya mji wakitokea Kinshasa. Wengine wapatao 250 waliruka kesho yake alfajiri. Walipigana barabara kwa barabara, wakafungua shule ya Jean XXIII na majengo mengine ambamo watu walikuwa wamefungiwa. Askari watano wa kikosi hicho walikufa. Wabelgiji walitua kwenye uwanja wa ndege tarehe 20, nao walikuja kwa kazi moja: kuwatoa wageni. Kwa siku chache wageni karibu wote waliondolewa kupitia Kamina. Paris na Brussels waligombana hadharani, mmoja akitaka kumlinda Mobutu, mwingine akitaka tu kuwarudisha raia wake.

Wageni waliouawa wanahesabiwa kati ya 120 na 170. Kwa Waafrika hutajwa mamia, mara nyingi 700, wakiwemo raia, wapiganaji na askari. Wapo waliouawa na FNLC, wapo waliouawa na askari wa Mobutu wakati wa mapigano na baadaye, wakati wa msako wa waliodhaniwa kuwasaidia waasi. Wafu wa Ulaya walirudishwa kwao wakazikwa kwa majina. Wengi wa wafu wa hapa walifukiwa haraka mahali walipoangukia, kwa sababu ya joto na hofu ya magonjwa.

Kazi za Gécamines zilisimama. Mafundi wengi wa kigeni hawakurudi, na wakaaji waliobaki ndio waliowasha mitambo tena. Mobutu alipatana na Agostinho Neto wa Angola mwaka huo huo, akatoa msamaha, na wakimbizi wengi wakarudi. Chui wenyewe hawakuisha. Mwaka 1997, wazee kwa vijana wao, walitoka Angola tena, safari hii pamoja na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, na Mobutu akaanguka.

Leo Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, na malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Wafaransa walitengeneza filamu juu ya askari wao mwaka 1980. Manika na Dilala hazina filamu, zina watu. Aliyekuwa na miaka kumi na tano mwaka 1978 sasa amepita sitini. Anajua nani alitolewa katika nyumba ipi, na mwili ulizikwa chini ya mwembe upi. Watoto na wajukuu wanaweza kumwuliza na kuandika majina hayo kwenye daftari wakati bado yupo. Hakuna ofisi itakayoifanya kazi hiyo kwa niaba yao.